Majani ya Kifua ya Mama Mwaba

2 Novemba

Abigaïl, mutoto yangu, njo alinipa hii cahier. Anasema: "Mama, andika mu hapa kuliko kupiga makelele mu lupango, mu uwanja ya nyumba." Bon. Naandika.

Leo mvua ya kwanza ya kweli ilipiga mutaa yetu, Kampemba, na mama ya bwana yangu alifika nayo. Anaitwa Mwaba. Alitoka Sakania na valizi moja, kuku mbili, na mbegu kidogo yenye alifunga mu kitambaa. Nyumba yake ya kule ilianguka mwaka yenye ilipita, na ndugu mwenye alikuwa anamutunza alikufa. Kule hana tena muntu wa kumupokea. Sylvain, bwana yangu, anaendesha kamyo. Alimushusha ku mulango, alikunywa maji, alirudia barabara. "Dorine, unitunzie mama." Voilà. Mi njo nabaki na mama mukwe saison ya mvua yote.

5 Novemba

Asubuhi nilimukuta nyuma ya jikoni, karibu na ukuta ya matofali mabichi yenye inatutenga na kwa jirani zetu, mwanamuke mwenye jina Mimi na bwana yake Floribert. Alisha kuchimba kitundu na kutia mbegu. Alikuwa anazungusha pale miti ya miiba, na juu yake alifunga kipande ya kitambaa nyekundu.

"Mama, unapanda nini?"

"Majani ya kifua. Hii haikuliwe, mwana. Ata kuku isiiguse."

Alinielezea. Muzee wake, bwana yake, alikuwaka muntu wa treni pale Sakania, na moshi ya makala ilimuharibisha kifua. Munganga muzungu alikuwa anamupa sigara yenye haikuwa tumbaku. Wakati zile sigara zilikosekana, balijua sasa kama zinatengenezwa na majani gani, balipanda yabo wenyewe. Maua yake nyeupe, ndefu kama tarumbeta, na matunda iko na miiba. Sasa yeye pia kifua inamukamata, njo anavuta kidogo, ile ya kukauka yenye alileta mu kopo.

"Kidogo inafungua kifua," alisema. "Mingi inafungua kichwa. Na kichwa ikisha kufunguka hivyo, bantu benye balisha kufa njo banakuja kukusalimia."

Nilimuambia asante kwa habari. Mungu wangu, ni mama mukwe gani huyu?

Mangaribi mvua kubwa. Maji ilipita nyuma ya jikoni na nguvu, ilikokota mpaka ndoo yangu.

6 Novemba

Mvua.

7 Novemba

Mvua. Courant ya umeme hakuna.

14 Novemba

Kila asubuhi Mama Mwaba ananipikia chai ya sinda, ile majani yenye inanukia kama ndimu. Nikiamuka, kikombe iko pa meza, imefunikwa na kisahani. Chakula yake haina chumvi. Nikakunja uso kidogo tu, aliona: "Mutoto mwenye hatembee anasema paka mama yake, yeye peke yake, njo anajua kupika." Abigaïl alicheka mpaka bukari, ugali yetu, ilimukaba. Anamupenda kambo yake, mama ya baba yake, kupita kiasi.

Leo Mimi aliniita ku ukuta. Mimi ni jirani wa miaka mingi, tunapeana makala na chumvi, na mulomo yake haijue kulala.

"Mama Abi, ile majani ya kitambaa nyekundu, unaijua?"

"Ya kifua."

"Ya bulozi, ya uchawi! Bezi banaichoma ku dirisha, moshi inaingia, munalala fofofo, banabeba mpaka godoro. Balozi banajipakaa, banaruka. Na mwenye atalala chini ya ua yake ataongea na bafu, benye balisha kuzikwa, mpaka asubuhi. Mama, kikulacho kiko mu nguo yako. Mi nakuambia tu."

Nilimucheka. Nilimuambia kama balozi banaruka, basi bende bamuletee Sylvain haraka, ju kule Kasumbalesa, ku mupaka, kamyo ziko kwa mulolongo.

15 Novemba

Chai ilikuwa pa meza. Niliichukua, nilitoka nayo inje, niliimwanga ku miguu ya papai. Sisemi kama eko mulozi. Nasema paka hivi: sikukuwa na kiu.

16 Novemba

Papai tena.

21 Novemba

Abigaïl alipita! Année yake ya pili ya pharmacie, masomo ya dawa, pale université ya Kasapa. Alirudia mweupe kabisa, kichwa, shingo, mpaka mu maskio, ju benzake balimumwangia pudre vile tunafanyiaka kila mutu mwenye anapita examen. Nilipiga kigelegele mpaka avenue yote ilitoka. Nilinunua kopo ingine ya pudre, kubwa, tulimupakaa tena.

Mama Mwaba alimuangalia na alicheka mpaka kifua ilimukamata. Kisha alikaa chini ku mulango.

"Kumbe bado munafanya hii! Kambo yangu alipakwaka hivi hivi."

"Yeye alisoma wapi, Kambo?" Abigaïl aliuliza.

"Hakusoma. Balimunywesha mwafi."

Alituelezea. Mutoto wa jirani alikufa, balimusema kambo yake njo mulozi. Ile wakati bakubwa balikuwaka na dawa ya kuhukumu: maganda ya muti wa sumu, balisaga, balitia mu maji, unakunywa mbele ya bantu bote. Ukikufa, uko mulozi. Ukitapika, hauna neno. Alikunywa. Alitapika.

"Balimupakaa pemba, ile udongo nyeupe, toka kichwa mpaka miguu. Balimuzungusha mukini, mu kijiji yote, na ngoma. Mais mwenye kuanza kumupakaa, ilipashwa kuwa ule mwenye alimushitaki. Na mukono yake mwenyewe. Njo ilikuwa sheria."

"Na kambo yako alisema nini?"

"Alisema: nasikia njaa."

Tulicheka. Kisha nilisikia baridi. Nilifikiri benye habakutapikaka.

29 Novemba

Bowa, uyoga ya mvua, ilianza kufika soko. Nilinunua bakuli moja. Mama Mwaba aliipika na unga ya karanga. Chumvi kidogo, mais iko muzuri, lazima niseme kweli. Nilikula ju niliona kila kitu yenye aliweka.

4 Desemba

Ukuta yetu na kwa Mimi ilianguka. Mvua ya siku tatu, matofali mabichi, ilikuwa nini tena? Ilianguka polepole, upande wabo, na makelele kidogo kama muntu anakaa. Sasa nikitoka jikoni naona Mimi anasukula meno. Floribert anasema tutajenga kisha mvua. Lengalenga, ile mboga ya muchicha, imeota fasi yote pale katikati, yetu na yabo, mutu hajue tena mupaka.

Ile majani ya Mama Mwaba iko inasimama mu miiba yake. Imefika mu magoti yangu.

8 Desemba

Papai inanona. Sijue kama ni mvua.

13 Desemba

Usingizi hakuna. Naandika vile vile.

Leo kisha chakula ya midi nilisikia Floribert anaongea na sauti kubwa mu barabara. Nilitoka. Alikuwa anashika mukono ya muntu mwenye haiko. "Yaya, karibu, ingia, ukae!" Yaya yake, mukubwa wake, tulimuzika miaka ingine kule. Jasho hakuna, uso nyekundu, macho kubwa, nyeusi yote. Mimi alikuwa mu nyumba, anafagia maji. Anafagia, anafagia, na chini ni kavu. Nilimuita. Aliniangalia sawa hanijue, alisema: "Sogea, utalowa." Mimi yangu! Nililia palepale. Batoto yabo, Mungu anajua kazi yake, balikuwa Likasi kwa kambo yabo.

Mutu wa kwanza kufika alikuwa Mama Mwaba. Aliwafungua macho na kidole. Aliwapima mulomo, ilikuwa kavu kama karatasi. Alisema kwa sauti ya kuamuru, sikukuwa naijua kwake: "Musiwapige, musiwamwangie maji, musiwasalie hapa. Ku munganga, sasa hivi! Na mumuambie aangalie macho."

Bavijana baliwabeba ku centre de santé, ku zahanati. Abigaïl alienda nabo. Alirudia mangaribi: banaishi, banawekewa serum mu mushipa, beko banatulia. Muforomo, musaidizi wa munganga, aliuliza bantu ba nyumba balikula nini. Mimi, wakati akili ilirudia kidogo, alijibu: "Bukari na samaki kidogo, fretins. Ile tu."

Abigaïl aliniambia pembeni: "Mama, mulomo kavu, macho kubwa, kuona bantu benye habako. Hii ni datura. Majani ya Kambo. Shule inatufundisha vile vile."

"Na banasema balikula fretins."

Tuliangaliana. Mama Mwaba alikuwa anaimba polepole jikoni, anachagua mucele.

14 Desemba

Nilienda kuangalia ile majani. Haina jani moja yenye balikata. Miiba iko, kitambaa iko. Basi namna gani?

Mu avenue banasema namna gani. Papa Paulin, mwenye anaongoza kikundi ya sala hapa kwetu, alisimama ku pompe ya maji: "Ule muzee alijuaje ni macho ya kuangalia? Mutu anajua ugonjwa mbele ya munganga ju yeye njo aliituma."

Nilikuwa pale na bidon. Mi Dorine, mwenye ninagombana na bapolisi kwa ajili ya kisahani ya nyanya, sikufungua mulomo. Ju mu roho nilikuwa na ile ile swali.

16 Desemba

Papai. Kila asubuhi papai.

19 Desemba

Mimi na Floribert balirudia nyumbani. Mimi hanisalimie. Anaangalia chini.

20 Desemba

Mvua. Mutu alitupa jiwe juu ya manjanja ya paa yetu.

22 Desemba

Sylvain alipiga simu toka ku mupaka. Nilimuelezea yote. Alisema: "Umuweke mu bisi ya Sakania, kabla bamuchome." Bamuchome! Mama yake! Na mvua hii, barabara hii, na kifua yake, na nyumba yenye haina paa? Nilimutukana mpaka unité ya simu iliisha. Kisha nililia, ju sikujua kama nilikuwa namutukana yeye ao mi mwenyewe.

25 Desemba

Noeli. Abigaïl alimuletea kambo yake pompe ya asma, dawa ya kuvuta. Alivuta mara moja, alishangaa: "Moshi bila moto!" Habakumukaribisha mu nyumba ingine. Kila mwaka tunapelekeana sahani mu avenue siku ya Noeli. Mwaka hii hakuna sahani moja ilitoka, hakuna moja iliingia.

3 Januari

Leo nitaandika muzuri, ju leo njo nilifunguka macho.

Nilienda kuchuma lengalenga pale penye ukuta ilianguka. Nachuma tu, mawazo kule, natia mu kitunga. Mama Mwaba alifika nyuma, alinipiga mukono, pa!

"Acha! Nusa!"

Alitoa jani moja mu kitunga, alilivunja, alinipa. Yoo, harufu! Ya panya. Niliangalia chini. Mu lengalenga, huku na huku, upande wetu na sana upande wa Mimi, ile majani ilikuwa inaota, kidogo, laini, yenye haijaleta ua. Mvua ya ile siku ya kupanda ilibeba mbegu, ilibakisha moja tu mu kitundu. Ingine yote ilienda kujipanda yenyewe. Tena pale chini niliona vikonyo ya lengalenga yenye balikata na kisu. Mi sikate na kisu, nachumaka na mukono. Abigaïl vile vile. Ni Mimi njo anakata na kisu, anafungaka mafungu ya soko.

"Mama, ulijua?"

"Toka siku ya kwanza, wakati niliona macho yabo. Ile asubuhi nilimuona Mimi anachuma. Sikujua kama mbegu ilifika pale. Kama ningejua, ningelia sauti kubwa."

"Banasema uko mulozi na unanyamaza? Sema tu: Mimi aliingia kwetu, alichuma majani bila kuomba!"

Alikaa pa tofali. Alivuta pompe yake. Kisha alisema:

"Mwana, mwanamuke akiingia kwa jirani asubuhi, na kisu, bila kuomba, ni ju nyungu yake iko mutupu. Floribert hana kazi toka mwezi wa kenda. Mimi alisema fretins ju anasikia haya. Mi nitaenda kupigia nyungu ya muntu kigelegele mu avenue? Hapana."

"Basi batakufukuza!"

"Batanifukuza. Na weye, ukisema neno hii, sitakanyaga tena mulango yako."

Nilimuangalia. Huyu njo muntu mwenye chai yake naogopa. Aki ya Mungu, nilisikia haya mpaka mu visigino. Tulingoa zile ndogo zote, na masashi ya plastiki mu mikono, tulitupa mu choo. Ile kubwa yenyewe aliingoa mwisho. "Niko na moshi ya Abigaïl sasa," alisema.

5 Januari

Siku ya Mungu. Kisha misa, Jeannot, shefu wa avenue, aliita bantu mu lupango yetu. Jeannot si mubaya. Anaogopa tu makelele. Balijaa mpaka inje. Mimi na Floribert balisimama penye ukuta ilianguka. Mama Mwaba alikaa pa kiti, valizi yake pembeni, alisha kuifunga yeye mwenyewe.

Papa Paulin alisema wa kwanza. Alisema majani. Alisema kitambaa nyekundu. Alisema hatutaki mubaya, bisi ya Sakania inaondoka kesho. Kisha alinigeukia.

"Na muulize mukwe wake! Chai ya huyu muzee hainywake! Anaimwanga ku papai kila asubuhi. Mama Mimi alimuona na macho yake. Kama mutu wa nyumba anaogopa kikombe yake, shiye tufanye nini?"

Mungu wangu. Ukuta ilikuwa chini, hakika aliniona. Bantu bote baliangalia papai, na papai, hii shetani, inasimama pale imenona, matunda kama vichwa ya batoto. Kisha baliniangalia mi. Sikuweza kumuangalia mama mukwe yangu.

Kweli nilikuwa na neno moja ya kumuokoa, na yeye mwenyewe alinifunga mulomo. Nilifanya nini? Niliingia mu nyumba. Kikombe ilikuwa pa meza, na kisahani yake juu, toka asubuhi, baridi. Nilitoka nayo. Nilisimama katikati.

"Ni kweli," nilisema. "Niliimwanga. Nilikuwa muoga, na mpumbavu, na nilisikiliza mulomo ya bantu. Kambo yake alikunywa mwafi, mi nakunywa sinda. Muangalie muzuri."

Nilikunywa. Yote. Ilikuwa na sukari mingi. Nilirudia mu nyumba, nilileta thermos, nilimwanga ingine, nilikunywa tena. Mutoto moja alicheka.

Njo Mimi alianza kulia.

"Ni mi," alisema. "Ni mi nilichuma. Nilipita ukuta asubuhi, lengalenga yabo ilikuwa muzuri, sikuomba, nilipika. Nilisema fretins. Hakukuwa fretins. Hakukuwa kitu." Alimuangalia Mama Mwaba. "Na weye uliniona. Ulikuwa pale ku dirisha. Toka ile siku nangoja useme. Mbona haukusema?"

"Ungesikia muzuri kama ningesema?"

Floribert alimushika muke wake bega. Papa Paulin alikohoa, alisema Mungu anafunuaka kila kitu. Jeannot alimuambia: "Papa, kaa kidogo."

Abigaïl, mutoto yangu, damu yangu, alisha kuingia chumba na kutoka na kopo ya pudre ya novemba. Hakunipa mi. Alimupatia Mimi, mu mukono. Mimi hakuelewa. Alimuelezea mu sikio. Basi Mimi alipiga magoti mbele ya kiti, alimumwangia Mama Mwaba pudre mu nywele, mu shingo, ku mikono, analia, anapakaa, mpaka muzee alikuwa mweupe yote na macho mbili tu inaangalia. Nilipiga kigelegele. Bamama balijibu. Hata benye balitupa jiwe balijibu, niliwaona.

Jeannot aliuliza: "Mama, uko na neno ya kusema?"

"Nasikia njaa," Mama Mwaba alisema.

Mi na Abigaïl peke yetu njo tulicheka kwanza. Kisha Mimi aliuliza na sauti ndogo kama kuko kitu ya kupika, na Mama Mwaba alimujibu: "Kuko lengalenga. Nusa kwanza."

Avenue yote ilikufa na kicheko.

Wakati bantu balitoka, nilibaki naye. Nilibeba valizi, niliirudisha mu chumba. Nilitafuta neno ya kumuomba musamaha. Alichukua kopo, pudre ilibakia kidogo, alinipakaa mi pia, ku paji, na kidole.

"Nilijua toka mwezi ya kumi na moja," alisema. "Papai inanona hivyo na maji tu?"

"Basi mbona ulizidi kupika kila asubuhi?"

"Nilikuwa najisemea: siku moja atasikia kiu."

6 Januari

Mvua. Vikombe mbili. Papai ijitafutie.